Hiyo pumzi ya mbio mie siitaki, nipeni ya nyuki

Mie nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja huku Paje, Zanzibar, zamu za usiku, na kila alfajiri nikikaribia kumkabidhi mwenzangu naona wageni wanateremka pwani na mikeka yao kungojea jua na kufanya mazoezi ya pumzi ya yoga, wanahema kwa sauti utasema kuna mtu anakata mbao kwa msumeno. Tulikuwa tunacheka sana. Siku moja mwalimu wao akaniita njoo na wewe, nami usingizi ulikuwa umenishika kweli kweli, nikasema haya labda utanitoka.

Kumbe siku hiyo ni ile ya haraka, kapalabhati, unaitoa pumzi puani kwa nguvu huku tumbo unalibana, fyu fyu fyu, kuingia inaingia yenyewe. Ikafuata bhastrika, na hilo jina kwa Kisanskriti maana yake mvukuto, ule ule wa mhunzi, hapo unasukuma kuingia na kutoka kote. Haikuchukua muda vidole vikafa ganzi, midomo inachomachoma, bahari naiona inazunguka, nikajilaza mchangani na sare yangu ya kazi. Wageni wananiletea maji, wenzangu wa bustani wanakufa kwa kicheko. Aibu gani ile!

Baadae ndo nikaelewa. Watu wanadhani ukihema sana unajijaza oksijeni, wakati mtu mzima mwenye afya damu yake ishajaa tayari, unachofanya ni kuitoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi, na ikipungua hiyo mishipa ya kichwani inajibana, kizunguzungu kinakuja. Sikatai kuwa wapo wanaochangamka nayo. Lakini kuiuza kama "enaji" kwa kila anaepita, mwenye presha, mwenye moyo, mwenye kifafa, mja mzito, hapana jamani. Na nyie vijana mnaozamia pweza nawaomba sana, msiheme mbio mbio kabla ya kuzama, maana hiyo kaboni dayoksaidi ndo inayokupa hamu ya kuvuta pumzi, ukishaimaliza unaweza kuzimia huko huko chini bila kuhisi chochote.

Ninayoipenda mie ni ya polepole. Ya kupokezana pua, nadi shodhana: ziba tundu ya kulia kwa kidole gumba vuta kwa kushoto, ziba kushoto kwa kidole cha pete toa kwa kulia, vuta hapo hapo kulia, toa kushoto, unaendelea hivyo. Na ya nyuki, bhramari, unafunga midomo unavuma mmmmm mpaka pumzi iishe. Sisi kwa kawaida tunahema mara 12 mpaka 20 kwa dakika, hapa unashuka mpaka kama 6 hivi. Na huhitaji kuniamini, jishike mkononi kwenye mshipa, ukivuta pumzi mapigo yanakwenda haraka kidogo, ukiitoa taratibu yanapungua, ndo mana kutoa kunatakiwa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Na hakuna cha mkeka wala madola, nafanya ndani ya gari ya shamba nimebanwa na gunia la muhogo.

Bi mkubwa aliposikia akaniuliza, "Mwanangu, hiyo si dini ya Wahindi?" Nikamwambia asili ni huko mama, sitokudanganya, na maulamaa wenyewe hawakukubaliana, Malaysia baraza lao la fatwa mwaka 2008 lilisema Waislamu wasifanye yoga, halafu Saudi Arabia mwaka 2017 wakaikubali kama mchezo wa mazoezi. Mie nimechukua pumzi tu, yale maneno wanayoimba nimewaachia wenyewe. Akaguna. Kwake kuguna si kukataa.

Sasa hivi inanisaidia zaidi saa tisa za usiku, umeme umekatika, jenereta haijawaka, mgeni kaja kaunta na taulo anagomba feni haizunguki. Namsikiliza huku natoa pumzi yangu taratibu puani, yeye hajui. Mwalimu bado ananiita kila asubuhi, namjibu nitakuja siku mtakayoanza na nyuki.