Watu weusi wanaondoka Chicago: wamefukuzwa au wamejiondokea?

Mwaka 1980 Chicago ilikuwa na watu weusi karibu milioni 1.2, sensa ya 2020 ikakuta wamebaki kama 788,000. Hapo ni watu laki nne wametoweka ndani ya miaka 40, na wala jiji lenyewe halijafa, pale katikati ya mji maghorofa mapya yanaota kila siku na Walatino wameshawapita weusi kwa idadi. Hata ukikumbuka kwamba sensa ya 2020 iliwaruka watu weusi wengi (ofisi ya sensa yenyewe ilikuja kukiri ilikosa karibu asilimia 3.3 yao nchi nzima) bado pengo ni kubwa mno.

Na inauma zaidi ukijua walifikaje pale. Kati ya 1910 na 1970 hivi watu weusi kama milioni 6 walikimbia majimbo ya Kusini, wakikimbia kunyongwa na makundi ya wazungu na kulima pamba isiyowalipa, na wa Mississippi wengi wao walipanda treni ya Illinois Central moja kwa moja mpaka Chicago, gazeti la Chicago Defender likiwaambia njooni kazi zipo. Wakajenga mtaa wao wa Bronzeville, wakajenga makanisa, na 1983 wakampata meya wao wa kwanza mweusi, Harold Washington. Sasa wajukuu wa hao hao wanapakia vitu kwenye gari wanarudi kulekule Kusini, Atlanta, Dallas, Houston.

Wanaosema watu wamefukuzwa wana ushahidi mzito, siwezi kuupuuza. Anza na nyumba. Miaka ya 50 na 60 benki zilikuwa haziwapi weusi mkopo wa nyumba, maana mitaa yao ilishachorwa mstari mwekundu kwenye ramani toka miaka ya 30, yaani sio pa kukopesha, ikabidi wanunue kwa mkataba kwa madalali, unalipa kila mwezi bei iliyopandishwa mno, mara nyingi karibu mara mbili, ukikosa mwezi mmoja tu nyumba inarudi kwa muuzaji na ulicholipa chote kimekwenda na maji. Halafu viwanda vikaondoka, kile kiwanda kikubwa cha chuma cha South Works kikafungwa kabisa 1992. Kisha ikaja bomoabomoa ya maghorofa ya serikali, Robert Taylor peke yake ilikuwa na majengo 28 ya ghorofa 16 na la mwisho liliangushwa 2007, Cabrini-Green ikafuata 2011, watu wakapewa vocha wakaambiwa katafuteni pa kupanga. Na 2013 jiji likafunga shule karibu 50 kwa mpigo na wanafunzi walioguswa walikuwa weusi kwa sehemu kubwa sana. Ukimfungia mzazi shule ya mtaani, kiwanda kilishafungwa, risasi zinalia usiku, halafu akihama unasema kaamua mwenyewe?

Ila kuna kitu huwa kinachanganywa na mimi naona kinaharibu mjadala mzima. Watu wengi wakisikia weusi wanapungua mjini, wanadhani ni ile habari ya matajiri kuingia mtaani na kupandisha kodi. Mtaa wa Englewood, hapohapo Chicago, sio hivyo. Mwaka 1960 ilikuwa na watu zaidi ya 97,000 na 2020 walibaki kama 24,000, na hakuna tajiri yeyote aliyekuja kuchukua nafasi zao, ni viwanja vitupu vimeota majani, nyumba moja imesimama halafu viwanja vitatu wazi. Hapo mtaa haukuporwa, uliachwa ufe, na dawa ya mtaa ulioachwa sio dawa ya mtaa unaogombaniwa, kuweka ukomo wa kodi ya pango Englewood hakumsaidii mtu kama hata duka la vyakula ni la kutafuta.

Kwa habari ya kugombaniwa nenda Washington DC. Mwaka 1970 weusi walikuwa asilimia 71 ya jiji, wenyewe wakiliita kwa mapenzi Chocolate City, kufikia 2011 wakashuka chini ya nusu na 2020 walikuwa kama asilimia 41. Pale kweli watu wenye hela waliingia, bei ikapaa, mpangaji akashindwa. Mwaka 2019 pale mtaa wa Shaw kuna duka la simu lililokuwa linapiga go-go, muziki wa weusi wa DC wenyewe, nje kwa spika miaka nenda miaka rudi, mkazi mmoja wa karibu akalalamika kelele, muziki ukazimwa, na watu wakajaa barabarani mpaka ukarudishwa, mwaka uliofuata jiji likautangaza go-go kuwa muziki wake rasmi. Nilipoifuatilia ile habari nilielewa kwamba mtu anaweza bado anaishi palepale na akawa ameshaanza kuondolewa.

Sasa upande wa pili, wanaosema watu wamejiondokea, hawa nao wasikilizwe. Hoja yao ni kwamba kabla ya sheria ya 1968 iliyokataza ubaguzi kwenye nyumba mtu mweusi hata awe daktari alibanwa mtaa mmoja na wenzake wote, kwahiyo ule wingi wa zamani sehemu yake ilikuwa ni kufungiwa, na mlango ukifunguliwa lazima watu watoke. Mwalimu mstaafu anayeuza nyumba yake South Side, upande wa kusini wa Chicago, akanunua nyumba kubwa yenye uwanja kule pembeni ya Atlanta na chenji ikabaki, huyu ukimuita mhanga unamkosea adabu. Kaunti ya Prince George's, jirani na DC, ni moja ya sehemu tajiri kabisa za watu weusi Marekani, na wengi walioijaza walitoka DC. Atlanta yenyewe ndani ya mipaka ya jiji weusi walishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1990 mpaka chini ya nusu 2020, lakini ukiangalia eneo zima na kaunti zake kama Clayton na Henry wameongezeka kwa kasi, na kura hizo ni sehemu ya kilichompeleka Raphael Warnock seneti Januari 2021, seneta mweusi wa kwanza kutoka Georgia, jimbo la Atlanta. Nguvu ya siasa iliyopungua Chicago haijapotea yote, nyingine imehamia kwingine.

Tatizo langu na hoja hii ni kwamba inawasemea waliofanikiwa tu. Kuna anayehama na hela ya nyumba mkononi na kuna anayehama na mabegi. Huyu wa pili mara nyingi anaishia kitongoji ambacho wazungu walishakihama, makusanyo ya kodi yamepungua, huduma zimechoka. Ferguson kule pembeni ya St. Louis ni mfano, kufikia 2010 theluthi mbili ya wakazi walikuwa weusi ila 2014 kijana mweusi Michael Brown alipopigwa risasi na polisi, askari wa mji huo walikuwa zaidi ya 50 na weusi hawakufika watano.

Na sisi wa Afrika Mashariki tuwe makini tunaposoma hizi takwimu, maana mtu mweusi mmoja kati ya kumi Marekani sasa hivi kazaliwa nje ya nchi hiyo. Mkongo wa Louisville, Msomali wa Minneapolis na Mkenya wa Dallas wote wanaingia kundi hilohilo kwenye sensa. Kwahiyo mji ukisema weusi wameongezeka haina maana aliyetoka Chicago kafika salama, inawezekana aliyeongezeka ni binamu yako.

Mimi kwa Chicago naegemea upande wa kufukuzwa, japo sio kwa asilimia mia. Uhuru wa kuhama upo na ni mzuri, wazee wao walimwaga damu kuupata. Ila uhuru kamili ungekuwa na uwezekano wa kubaki pia, na Englewood uwezekano wa kubaki na maisha ya maana ulishaondolewa muda mrefu, kipande kwa kipande, na maamuzi ya watu wenye ofisi. Anayebaki ndiye anayelipa gharama ambazo hazionekani kwenye sensa, kanisa halina tena watu wa kwaya, shule imeunganishwa na ya mbali, viti vya weusi kwenye baraza la jiji vinapungua.

Macho yangu sasa hivi yapo Woodlawn, mtaa wa South Side jirani na bustani ya Jackson Park ambako ujenzi wa kituo cha Obama ulianza 2021. Wakazi walipambana miaka kabla hata jiwe halijawekwa, na 2020 baraza la jiji likapitisha sheria ya kuwalinda, ikiwemo wapangaji wa majengo makubwa kupewa nafasi ya kwanza kununua pale mwenye nyumba akitaka kuuza. Safari hii ulinzi ulitangulia ujenzi. Sensa ya 2030 ikitoka namba za Woodlawn ndizo nitakazozitafuta kwanza.