Raha ya Lozanov na mtihani wa B2

Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa ajira na uhamiaji. Muuguzi wa Kisumu anayeutazama mlango huo hukutana kwanza na sharti la lugha: ili cheti chake kitambuliwe kule, kwa kawaida hutakiwa kufika kiwango cha B2 cha Kijerumani, yaani cha nne kati ya ngazi sita za lugha za Ulaya, kuanzia A1 hadi C2. Kwa hiyo mtu mzima, mwenye watoto na zamu za usiku, anarudi darasani kukariri der, die, das, vijineno vinavyotangulia nomino za Kijerumani kulingana na jinsia yake. Afundishweje?

Georgi Lozanov, daktari wa akili wa Bulgaria, alianza kujenga jibu lake miaka ya 1960, akaliita sajestopedia. Darasa la watu kama 12, viti vya starehe, muziki wa baroki, ule wa kale wa Ulaya. Mwalimu husoma mazungumzo marefu akifuata mwendo wa muziki, na wanafunzi husikiliza huku tafsiri ikiwa mbele yao. Kila mmoja hupewa jina jipya na kazi mpya, ili kosa likitokea, liwe la yule mtu wa kubuni.

Hilo la jina ndilo ninaloliona la maana kuliko yote. Wengi wetu huku magharibi mwa Kenya tulisoma katika shule ambamo aliyezungumza lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, na kibao hicho hakikuondoka bila kiboko. Ukilelewa hivyo, unajua mapema kwamba anayenyamaza hachapwi. Sasa mweke muuguzi wa miaka arobaini karibu na vijana waliotoka kidato cha nne juzi, umwambie atamke sentensi mbele yao. Hatatamka. Mpe jina la mpishi wa Hamburg, labda atathubutu. Na ile tafsiri ningeiandika kwa Kiswahili au Dholuo, kwa maana Kiingereza ndicho kilichokuja na kibao.

Muziki sina imani nao sana. Baada ya ugali na samaki, kwa joto la Kisumu la saa nane, aliyetulizwa hivyo atalala. Wafuasi wa mbinu hii walidai wanafunzi hunasa maneno mengi mno kwa siku chache, na mwaka 1979 mwanaisimu Thomas Scovel aliikosoa vikali sayansi iliyotumika kuyatetea madai hayo. Kuna jambo jingine linalonitatiza zaidi: mbinu inayosifiwa kwa utu inamtaka mwanafunzi amwamini mwalimu karibu kama mgonjwa anavyomwamini daktari. Kwetu mamlaka ya mwalimu haijawahi kupungua.

Halafu kuna mtihani. B2 ya Goethe, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, ina sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila moja inataka alama 60 kwa 100. Kuandika barua rasmi huku saa ikikimbia hakuji kwa kusikiliza kinanda. Kunataka mazoezi makavu ya sarufi, yarudiwe na kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Wanaotetea ukali wana haki hapo, ingawa wanakosea wanapouanza siku ya kwanza, kabla mtu hajafungua kinywa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa karo, ningeuliza mambo mawili: mwanafunzi akikosea wiki ya kwanza, mwalimu hufanya nini? Na katika miezi ya mwisho, insha ngapi husahihishwa kwa mkono?