Mimi wa kwanza tu hawamjui, wa pili wa nini?

Jana nimeenda kurudisha laini maana simu ilidondokea kwenye zege saiti, yule dada wakala pale mwavulini ananiambia kaka weka kidole, nikaweka, ikagoma, nikafuta jasho nikaweka tena, ikagoma, akanipangusa gumba kwa kanga yake mwenyewe, wapi, mashine inasema alama hazifanani. Hazifanani na za nani sasa? Na zangu! Miaka 18 nashika saruji na matofali, vidole vimelika vimekuwa kama sabuni ya kipande, na foleni nyuma inaniangalia kama nimeiba mtu.

Jioni kijiweni kuna dogo mmoja msomi anatuambia eti huko mbele binadamu watatolewa kopi kama barua stesheneri. Aisee nilifurahi. Nikaanza kugawa kazi hapohapo, mmoja aende saiti, mmoja misibani na vikao vya harusi, mmoja apokee simu za wanaonidai, mimi orijino nilale.

Dogo akaharibu. Anasema yule kondoo Dolly waliyemtoa kopi Scotland, 1996, hakutoka mkubwa, alizaliwa kitoto kama kondoo wengine, tena walihangaika na mayai 277 ndo akapatikana huyo mmoja. Kwa hiyo kopi yangu ni kichanga!! Pempasi, uji, ada, nisubiri miaka 20 akue ndo aniwakilishe msibani, na muda huo msiba wenyewe si ajabu ni wangu.

Halafu kuna paka Marekani walimtoa kopi 2001 akaja na rangi tofauti kabisa na yule aliyekopiwa. Yaani nijikopi mwenyewe, nilee, halafu majirani waseme mtoto si wako? Na alama za vidole nazo dogo anasema hazitafanana, mbona mapacha wa kufanana kila mmoja ana zake. Sasa si naye atakwama palepale mwavulini.

Laini nimepata lakini. Tumejaribu kimoja kimoja huku dada wa watu anaguna, vidole tisa vyote vimenikana, kilichokubali ni kile kidogo cha mwisho cha mkono wa kushoto ambacho hata mwiko hakijawahi kushika. Hicho ndo mimi. Hivi vingine tisa ninavyotembea navyo sijui ni vya nani.