Maziwa tunayapoza, samaki katukosea nini?

Juzi alfajiri nilishuka Deep Sea, pale wavuvi wanaposhusha samaki hapa Tanga, kumpokea mjomba, wao walitoka jioni ya jana yake wakalala baharini, wakaingia saa 12 na nusu jua ndio linachomoza. Mzigo haukuwa mbaya, kolekole kadhaa, changu wachache, na jodari wawili wakubwa wa mshipi. Hao jodari ndio walionikalisha chini niandike. Mmoja alinasa saa 4 usiku, mwingine saa 11 alfajiri, boti moja, mshipi ule ule, tofauti yao masaa 7 tu. Wa alfajiri alikuwa anang'aa, mashavu mekundu kabisa, ukimbonyeza nyama inarudi. Wa saa 4 mashavu yameshakuwa ya kahawia, macho yamezama, ukimbonyeza kidole kinaacha shimo na shimo linabaki. Mjomba akamnusa, akamlaza chini taratibu, akasema "barafu ilituishia saa 6 usiku mwanangu, tulibeba kidogo."

Dalali akaja, naye akabonyeza, akataja bei moja kwa wote wawili na bei yenyewe ni ya yule mbovu. Mjomba hakubisha. Angebisha ampeleke wapi? Jua linapanda, kila dakika inayopita ni hasara yake yeye sio ya dalali, dalali anaweza kukaa kivulini akasubiri mpaka mwenye samaki achoke mwenyewe. Mimi siku ile ndio nikaelewa vizuri kwamba barafu ni bei. Ukiwa na barafu unaweza kusema "hapana, narudi kesho" na ukiwa huna unachukua unachopewa na unashukuru.

Halafu kuna jambo la afya ambalo watu wengi hawalijui. Jodari, vibua, nguru, hawa wakikaa kwenye joto bakteria wanatengeneza kitu kinaitwa histamini kwenye nyama, na ikishaingia haitoki, umkaange, umchemshe, umtie ndimu na pilipili zote za Tanga, iko pale pale. Mtu akila uso unakuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinagonga, wengine wanatapika, mwisho anajitangazia kwamba ana aleji ya samaki na anaacha kula jodari maisha yake yote, kumbe tatizo lilikuwa yale masaa ya usiku bila barafu. Kinga yake ni moja tu, apozwe mapema.

Tuongee hesabu ya barafu kidogo maana nimeona wengi wanaikosea. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka yote inaweza kushusha kama kilo 3 za samaki kutoka nyuzi 30 mpaka karibu na 0. Ukisikia hivyo unasema basi kwa kilo 30 za samaki nabeba kilo 10 za barafu nimemaliza. Sasa deli lenyewe linaingiza joto, linafunguliwa kila samaki anapoingia, maji yamejaa chini, na huku kwetu hata usiku joto halishuki sana. Ndio maana kwa nchi za joto wanashauri kilo kwa kilo, samaki kilo 30 barafu kilo 30, na ipangwe safu kwa safu, barafu chini, samaki, barafu, samaki, barafu juu, sio kuwamwaga samaki wote halafu unanyunyiza barafu juu kama sukari. Samaki wa maji yetu ya joto akiwekwa hivyo tangu anapotoka majini anakaa wiki 2 hivi bado analika vizuri. Wiki 2 jamani, na sisi wa saa 4 usiku katushinda kufika asubuhi.

Na ukiangalia misimu yetu ndio inauma zaidi. Kaskazi ikivuma bahari inatulia, boti zote zinatoka, samaki wanakuwa wengi, na ndio miezi ya joto kali kabisa mwaka mzima. Yaani samaki wengi na jua kali vinakuja mkono kwa mkono. Pale ndio utaona samaki wanauzwa bei ya kutupa, akina mama wanakaanga mpaka mafuta yanaisha, wengine wanapasua wanaanika ng'onda, na kinachobaki kinafukiwa mchangani. Kusi ikiingia bahari inachafuka, boti zinakaa juu, mtoto anakula ugali na mchicha wiki nzima huku miezi michache nyuma tulikuwa tunafukia samaki.

Sasa hapa ndio naposhangaa, maana Tanga hii hii tunajua kupoza. Tunajua sana. Shangazi yangu yuko Muheza anafuga ng'ombe 3, kila asubuhi akishakamua maziwa yanaingia kwenye dumu la chuma, bodaboda linabeba mpaka kituo cha kupozea. Ziwa linatoa maziwa yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, nyuzi 38 hivi, na kwenye joto hilo bakteria wakishashika kasi wanaongezeka mara mbili kila nusu saa au hata chini ya hapo. Pale kituoni mpimaji anachukua kidogo anachanganya na spiriti, yakikatika dumu linarudishwa, yakiwa sawa yanamwagwa kwenye tanki na tanki linayashusha mpaka nyuzi 4. Baadae linakuja gari la tanki linayachukua mpaka kiwandani mjini, na mtu wa Dar anafungua pakiti ya Tanga Fresh kwenye friji lake bila hata kujua kwamba yale maziwa asubuhi yalikuwa kwenye banda la mama mmoja Muheza. Hayo yote yamejengwa na wafugaji wadogo wa ng'ombe wawili watatu kupitia vyama vyao vya ushirika, wakisaidiwa na Waholanzi. Walikubaliana tanki likae karibu na ng'ombe, na ndio siri yote hiyo, baridi ikae mwanzoni, palipo na mzalishaji, isisubiri mjini.

Sisemi huko nako kumekamilika. Maziwa ya jioni bado yanamsumbua shangazi, gari halipiti usiku, akiyalaza bila kupoza asubuhi yamechacha, kwa hiyo anagandisha mtindi, mengine anapewa jirani. Lakini angalau nusu ya kazi imefanyika na tunaiona kwa macho. Kwa samaki tumekwama wapi?

Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa, FAO la chakula na UNEP la mazingira, walitoa ripoti ya mambo haya ya baridi, wakasema chakula kinachopotea duniani kwa kukosa ubaridi unaofaa ni tani milioni 526 kwa mwaka, sawa na asilimia 12 ya chakula chote kinachozalishwa. Na wakasema nchi kama zetu zingekuwa na majokofu na magari ya baridi kwa kiwango cha nchi tajiri tungeokoa tani milioni 144 kila mwaka. Mi nikisoma namba kubwa hivi huwa zinanipita, ila nikimkumbuka yule jodari wa saa 4 naielewa tani yake.

Kuna watu watasema watu wa pwani hawataki samaki wa barafu, na ni kweli, hili nalijua nimelelewa nalo. Bi mkubwa wangu nyumbani akiona chembe ya barafu kwenye samaki anauliza "huyu wa lini?" na anarudisha. Kwetu barafu imekuwa alama ya samaki wa zamani, na sababu ni kwamba wachuuzi wengi wanamtia barafu samaki akishaanza kulegea, yaani barafu inatumika kuficha. Barafu haifufui. Inachelewesha tu kuharibika kuanzia hali aliyonayo samaki muda ule, ukimtia mzima inamtunza mzima, ukimtia amevunda inatunza uvundo. Kwa hiyo mteja anayekataa samaki wa barafu ana haki kwa alivyodanganywa, ila anamwadhibu pia mvuvi aliyefanya vizuri tangu baharini. Hii itabadilika siku mteja akizoea kuangalia mashavu na macho badala ya kuangalia barafu, na kwa bi mkubwa imebadilika kidogo, nilimpelekea changu wa siku 3 aliyetunzwa vizuri, akampaka nazi, akala, ndio nikamwambia. Alininunia mpaka magharibi lakini aliniuliza nimempata wapi.

Usafiri nao ni stori nyingine. Mwaka juzi tulichanga mimi na ndugu zangu wawili tukatuma samaki Dar kwa gari la friji, la kukodi, mwenye gari simtaji. Tulipopokea, samaki wa juu walikuwa baridi vizuri, wa katikati vuguvugu na harufu imeshaanza. Utingo baadae ndio akatuambia ukweli, kwamba kutoka Segera mpaka Chalinze dereva alizima mashine ya baridi kubana dizeli, akawasha tena kabla ya kuingia mjini. Hasara yote ikawa yetu. Tangu siku ile nasema gari la friji bila kipima joto kinachoandika safari nzima ni sanduku tu, na kifaa chenyewe kidogo unaweza kukiweka mfukoni, unakichomeka kwenye kompyuta unaona kila dakika nyuzi zilikuwa ngapi. Na sisi pia tulikosea, tulipakia samaki ambao hawajapoa sawasawa tukitegemea gari litawapoza njiani. Gari la friji kazi yake ni kutunza baridi ya mzigo ambao umeshapozwa, mashine yake haina nguvu ya kushusha joto la tani nzima, na ukiujaza mzigo mpaka kwenye dari hewa haipiti kabisa.

Hili la mwisho wakulima wa Lushoto walisikie pia. Kabichi na karoti zinavunwa mchana na jua, zinashindiliwa lumbesa, zinapandishwa kwenye Fuso zikiwa bado na joto la shambani, zinasafiri usiku kucha zikijipika zenyewe humo ndani. Hata bila mashine yoyote ukivuna alfajiri ukaweka kivulini ukaacha zipumue umeshapata siku kadhaa. Ila na zao nalo lina tabia yake, kabichi inataka baridi karibu na 0, ndizi ukiishusha chini ya nyuzi 13 ganda linakuwa jeusi, kwa hiyo usidhani ghala moja la baridi litabeba kila kitu.

Watu wanasema umeme ndio shida, sawa, umeme unakatika. Nigeria kuna kampuni inaitwa ColdHubs, wameweka vyumba vya baridi vinavyotumia sola masokoni kabisa, mchuuzi hanunui friji, analaza kreti yake na analipia kwa kreti kwa siku, asubuhi anaichukua anaenda kuuza. Hicho ndicho ninachokiwaza kwa Deep Sea, Sahare, Kigombe, na Pangani kule: mashine ya barafu na chumba kimoja, jua la kuendesha sola si tunalo, na visimamiwe na wavuvi wenyewe na akina mama wakaangaji kama wale wa maziwa walivyofanya. Boti likitoka linakopa barafu, likirudi linalipa kwa samaki. Mi nitakuwa wa kwanza kuchanga. Najua pia mashine za baridi zina gesi zake na zinachangia joto la dunia, hesabu zinasema mnyororo wa baridi wa chakula unabeba kama asilimia 4 ya hewa chafu yote ukijumlisha na chakula kinachoharibika kwa kukosa baridi, ndio maana nasema sola na mashine mpya zenye gesi isiyochafua sana, tusiletewe makuukuu.

Na majumbani tusijione wasafi. Ripoti ya UNEP ya 2024 inasema chakula kilichotupwa mwaka 2022 ni tani zaidi ya bilioni 1, na majumba ndio yanayoongoza, hata kwenye nchi zisizo tajiri. Umeme ukikatika usifungue friza kuchungulia, friza lililojaa likiachwa limefungwa linatunza baridi kama masaa 48, la nusu masaa 24, friji la kawaida masaa 4 hivi. Sisi nyumbani tulimwaga sufuria zima la mchuzi wa papa kwa sababu kila mtu alikuwa anapita anafungua aone kama bado kuna baridi.

Jioni ile ile ya jodari, mjomba alikuwa anatoka tena. Barafu ya kununua ilikuwa imeisha kwa wauzaji, kwa hiyo mimi na watoto tukapita nyumba kwa nyumba mtaani kuomba chupa za maji zilizoganda kwenye mafriza ya watu, bi mkubwa mwenyewe akatoa 6. Tukapata chupa 23. Mjomba akazipanga chini ya deli, akafunika kwa gunia lililoloweshwa maji, akahesabu kwa vidole, akasema zitamfikisha saa 8 usiku.