Nataka Ndogo, Wananionea Huruma

Kosa lilianza na mdomo wangu. Tulikuwa kwenye kikao cha familia, tunahesabu gharama za ndoa ya mpwa wangu. Shemeji alipofika kwenye mstari wa mpiga foto, wajomba wote wakaanza kuchunguza dari. Nikakohoa, nikasema: "Hiyo futeni. Aparei ya kupigia foto ninayo." Wakapiga makofi. Mke wangu hakupiga.

Na aparei ninayo kweli. Ililetwa kutoka Ubelgiji mwaka 2005, megapikseli 5, na wakati ule hapa Katuba, Lubumbashi, watoto walikuwa wananifuata nayo kama ninagawa peremende. Nikaishusha juu ya kabati, nikaipangusa, nikatia betri mbili mpya, ikaamka na kale kamlio kake. Nikaielekeza kwa mke wangu. Kadi imejaa.

Imejaaje? Kumbe ni ile kadi iliyokuja nayo kwenye boksi, megabaiti 16. Si giga, ni mega. Foto 6 na safari imekwisha. Nikasema nifute. Tatu ni za marehemu mama mkwe, haziguswi. Mbili ni za mama mkwe akiwa amefumba macho, nazo haziguswi. Ya sita ni kidole changu gumba, kimefunika karibu foto nzima, lakini mke wangu anaapa kwamba pale pembeni ni kitambaa cha mama yake.

Basi nikashuka mjini. Kitabu cha aparei kinasema kadi ya SD, mwisho gigabaiti 2. Nikaingia duka moja upande wa Posta, nikaomba karte memwari ya 2. Kijana akanitazama kama mtu aliyeomba nusu andazi.

"Papa, mbili haiko tena. Chukua hii ya 64."

"Mimi nataka ndogo."

Akainama karibu na sikio langu. "Papa, kama ni falanga njo shida, tutasikilizana."

Hebu fikiria. Mtu mzima, shati limepigwa pasi, wateja wawili wamegeuka kunitazama, na kijana wa umri wa mwanangu wa tatu ananionea huruma. Ningefanya nini? Ningeanza kumweleza mambo ya kitabu? Nikatoa dola 10 kama mtu ambaye dola 10 hazimwumizi.

Akaishika noti, akaiinua kwenye mwanga, akaipindua, akapitisha kucha pembeni. Akaona mpasuko. Mpasuko gani, mguu wa sisimizi ni mrefu zaidi! "Hii haitembei, Papa." Nikatafuta nyingine. Sasa mimi nikaomba kujaribu kadi yake ndani ya aparei yangu kabla ya kulipa. Akashtuka. Plastiki haifunguliwi kabla ya kununua. Yaani pesa yangu inapimwa kama mgonjwa wa moyo, na bidhaa yake inapokelewa kwa imani.

Nilifungua plastiki nje ya mlango. Kilikuwa kikadi kidogo kama ukucha, kile cha simu, kimelazwa ndani ya kiplastiki chenye umbo la kadi kubwa. Kuingia, kiliingia. Kadi kubwa za SD zote zina umbo lilelile, milimita 32 kwa 24, tangu za zamani mpaka za leo, kwa hiyo mlango unakubali. Anayekataa yuko ndani. Maandishi mekundu, kwa Kifaransa safi: kosa la kadi. Nikarudi dukani. Kijana hata hakuinuka. "Plastiki imefunguliwa. Na tena Papa, aparei yako njo mubovu."

Mubovu! Nilitembea mpaka Kenya nikiwa nimekasirika. Kenya komine yetu, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, msidhani nilifika Nairobi. Kuna fundi wa simu pale sokoni, chini ya mwavuli, ana meza kubwa kama trei ya chai. Alisoma maandishi ya kadi akacheka peke yake, kisha akanifundisha. SD ya kawaida inaishia 2. Mwaka 2006 ikaja SDHC, kutoka 4 mpaka 32. Mwaka 2009 ikaja SDXC, hiyo inapita 32, na yangu ya 64 ni ya ukoo huo. Aparei mpya inasoma kadi ya zamani, ila ya zamani haisomi mpya. Ndiyo ajabu yake: vijana wanawasikiliza wazee, wazee ndio wakaidi.

Nikamwambia basi, mwanangu, ipunguze. Ifute, uibakize na 2 tu.

"Haiwezekani, Papa. Hata ukiifunga ibaki na 2, inahesabu tofauti." Akanionyesha mama aliyekuwa anauza unga mbele yetu, na meka yake, kile kipimo cha unga. "Aparei yako inahesabu punje kwa punje. Hii kadi inahesabu kwa meka. Aparei ikiomba namba 10 inataka punje ya 10, kadi inaileta meka ya 10. Hawatasikilizana mpaka mwisho wa dunia." Kwenye kadi, meka moja ni baiti 512. Nilielewa, na kuelewa hakukunisaidia kitu.

Akaniambia nishukuru. Kuna aparei za wakati ule zinazotumia kadi za xD, zile Olympus na Fujifilm walizozianzisha 2002, na huko ndiko kutafuta jino la kuku. Yangu ni SD. Nitafute kikadi cha simu ya zamani, cha gigabaiti 2, nikilaze kwenye kiplastiki nilichonacho, kitakubali. "Angalia kwenye maredio ya wazee," akasema.

Hapo nikakumbuka. Jirani yetu Nkambo ana redio inayoimba nyimbo za kanisa kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Inaimba kwa nini? Kwa kikadi!

Nilidhani itakuwa kazi nyepesi. Natoa 64, nachukua 2. Nkambo akaweka chini ungo wake.

"Weye unipe mingi, utwae kidogo?"

"Ndiyo, Nkambo."

"Nani amekutuma?"

Nilieleza mambo ya punje na meka. Ikawa mbaya zaidi. Aliniuliza kama nimebadilisha kanisa. Mwishowe akakubali kwa masharti mawili: nyimbo zake zote zihamishwe, hata mmoja usipotee, na kwenye foto ya familia yeye akae mbele, katikati, karibu na bibi harusi. Si ndugu yetu hata kidogo. Nikakubali.

Fundi akahamisha nyimbo. Nikarudi nyumbani, nikatia kile cha 2, aparei ikasema kadi imefungwa. Nusura niitupe kisimani. Kumbe kile kiplastiki kina kitufe cha kuteleza pembeni, kidogo kama chawa, kimeshuka chini. Nikakipandisha kwa kucha. Nikafuta kadi humohumo ndani ya aparei, kama fundi alivyoagiza, na kwenye kioo ikatokea namba: 790. Foto 790! Nilimpiga mke wangu foto, nikapiga mlango, nikapiga kuku wa watu.

Nkambo nilikuwa nimemrudishia kadi yake ya 64 mchana, lakini umeme haukuwepo na redio ilikuwa imekufa betri, hatukujaribu. Umeme ulirudi saa moja usiku, Ijumaa, mkesha wa harusi. Saa moja na dakika kumi mlango ukagongwa.

Nkambo alikuwa amesimama na redio kwapani, imewashwa, taa inawaka, inakoroma tu kama mtu aliyelala chali. "Haiione," akasema. "Rudisha ile yangu. Na nyimbo zangu."

Nilitazama redio. Nayo ni ya zamani.

Mke wangu akamletea Nkambo kiti, akamwekea chai. Kisha akanigeukia na kuniuliza, kwa upole sana, yule mpiga foto alikuwa anadai dola ngapi.