Little Shell: Miaka 41 ya kudaiwa ushahidi

Tarehe 20 Desemba 2019 Rais Donald Trump alitia saini sheria ya matumizi ya ulinzi ya Marekani. Katikati ya vifungu vya wanajeshi na silaha kilikuwemo kimoja cha Little Shell, kundi la Waojibwe, wenyeji wa asili wa Amerika, katika jimbo la Montana. Hatimaye serikali kuu iliwatambua kuwa kabila, la 574 kwenye orodha yake. Ombi lao lilikuwa mezani kwa maofisa wa serikali hiyo tangu 1978.

Chanzo cha ombi hilo ni mwaka 1892, Turtle Mountain, Dakota Kaskazini. Tume ya serikali ilitaka Waojibwe waachie karibu eka milioni 10 kwa dola milioni 1, yaani senti kumi kwa eka. Chifu Little Shell alikataa. Ofisa wa serikali akampita, akateua kamati ya watu 32, nao wakatia saini. Mwaka 1904 Bunge likayapitisha makubaliano hayo. Wafuasi wa chifu wakabaki hawana ardhi, wakatawanyika. Baadhi yao walihamia pembezoni mwa mji wa Great Falls, kwenye kilima kinachoitwa Hill 57 kwa sababu mchuuzi mmoja alipanga namba hiyo kwa mawe ubavuni mwake kutangaza bidhaa za Heinz, kampuni ya vyakula iliyotumia 57 kama nembo. Hapo chini ya tangazo watu walilea watoto kwenye vibanda vya mbao chakavu, bila maji ya bomba.

Wanaotetea masharti makali ya kutambua makabila wana hoja, nami siipuuzi. Kabila likitambuliwa huzungumza na Washington serikali kwa serikali, na watu wake hupata huduma za afya, elimu na makazi. Mlango ukiwa wazi kwa kila anayejiita kabila, hadhi hiyo itakosa thamani, na fedha ambazo tayari hazitoshi zitagawanywa zaidi. Ndiyo maana hata baadhi ya makabila yaliyokwisha kutambuliwa husisitiza uchunguzi wa kina.

Lakini tazama walichodaiwa Little Shell: waonyeshe kwamba tangu 1900 watu wa nje waliwajua kama jamii ya wenyeji, kwamba waliishi pamoja, na kwamba viongozi wao walikuwa na sauti juu yao. Mwaka 2000 jibu la awali la serikali lilikuwa ndiyo. Mwaka 2009 likageuka hapana, kwa kukosa ushahidi wa kutosha juu ya mambo hayo hayo matatu. Nani aliwatawanya? Nani alimpita kiongozi wao? Hii ni kesi ya ngedere kupelekewa nyani, na kwangu hapo ndipo utaratibu ule unapopoteza haki ya kuitwa uchunguzi.

Njia nyingine, ya sheria ya Bunge, ndiyo iliyowaokoa, ikawapa na haki ya kupatiwa eka 200. Hata hivyo inategemea kuwa na watu wa kukusemea, na Little Shell waliungwa mkono na maseneta wa Montana wa vyama vyote viwili. Wenyeji wa asili wa Burt Lake, jimbo la Michigan, hawakupata bahati hiyo. Oktoba 1900 mkuu wa polisi wa wilaya aliwatoa nje ya nyumba zao, kijiji kikachomwa moto, kwa sababu mlanguzi alikuwa amenunua ardhi yao kwa madai ya kodi. Mwaka 2006 ombi lao la kutambuliwa nalo lilikataliwa.