Farasi 210 na Ng'ombe Mmoja

Kwanza nikiri: mtu mwenye akili zake hanunui Altezza, gari ya Toyota ya kukimbia, akaishi Pemba. Kisiwa chote ni vilima na kona; ukitoka Chake kwenda Wete, usukani hujamaliza kuunyoosha ushaukunja tena. Yangu mie ni RS200, gia sita za mkono. Hiyo ya sita ni pambo tu, kama vikombe vya bibi vya kabatini. Lakini injini yake, 3S-GE, ile Toyota waliyoshirikiana na Yamaha kuitengeneza, inatoa farasi 210, na hao farasi nilikuwa nawataja hata kwa watu ambao hawajaniuliza.

Farasi wa mwanzo niliwaua mwenyewe. Oili nilikuwa naongeza, sibadilishi. Siku moja ikaanza kugonga tumboni ko-ko-ko, kama mtu anatwanga kisamvu. Fundi akainamisha sikio, akasema, "Inna lillahi," akenda zake kunawa mikono.

Nikaanza kutafuta injini ya mtumba. Yadi moja ya Dar wakanitumia video ya sekunde 18: injini imekalishwa juu ya tairi, inanyweshwa petroli kwa chupa ya maji, inanguruma utasema simba. "Imeshuka juzi kutoka Japani, kaka. Imetembea kilomita 58,000 tu. Na garantii tunatoa." Pesa za karafuu ndio kwanza ziko mfukoni. Bibi akanambia, "Karafuu tumezichuma juu ya mti, wewe pesa unakwenda kuzitia chini ya boneti?" Nikacheka. Nikatuma pesa.

Ikaja na meli mpaka bandari ya Mkoani, imefungwa turubai. Kuifungua, inang'ara kama sufuria mpya. Kuishika, kiganja kimetoka na rangi ya fedha. Walipiga rangi bloku, wakapiga mipira ya maji, wakapiga na waya. Laiti ningekaa karibu, wangenipiga na mimi.

Fundi wangu wa Machomanne, mzee mtaratibu, akaizunguka mara mbili kama anayechagua ng'ombe wa Idi.

"Imetembea ngapi hii, mwanangu?"

"Elfu hamsini na nane."

"Kasema nani?"

"Muuzaji."

"Na yeye kaonea wapi? Mita inakaa kwenye deshibodi. Deshibodi inakaa kwenye gari. Gari yenyewe iko wapi?"

"Japani."

"Basi na hizo elfu hamsini na nane ziko huko huko."

Akafungua kifuniko cha oili, akatia bisibisi, akaitoa na kitu cheusi, kizito, kinachong'ara, kinavutika. Akaninyooshea. "Halua hii. Imekosa lozi tu." Oili ikikaa miaka bila kubadilishwa, akasema, huganda hivyo, ikaziba njia, na huko chini beringi za konrodi, ile mikono ya chuma inayoshika pistoni, zikabaki kusaga chuma kwa chuma. Tena hii waliyotia juu ni oili nzito ya malori, makusudi, ili isisikike ikigonga. Akataka siku mbili: apime kompresheni silinda moja moja ingali chini, afungue sampo, lile bakuli la oili la chini, atazame beringi.

Siku mbili nitazitoa wapi? Jumamosi binamu yangu anaoa Wete, na nishamuahidi ataingia ukweni kwa Altezza. Nikamwambia, "Mzee wangu, we funga tu." Akanitazama kwa muda. Akafunga.

Na iliwaka! Stata ya kwanza. Sikwambii furaha.

Jumamosi, saa nane mchana, bwana harusi yuko nyuma na joho lake na kilemba, ananukia udi, pembeni yake ami. Tulipotoka Chake moshi ulikuwa uzi. Mbele kidogo ukawa shuka. Gari za msafara zilizokuwa nyuma ziliwasha taa, kisha zikatupita moja moja, zikakimbia kuokoa nguo za watu. Watoto wa njiani wakatukimbilia nyuma wakishangilia, wanadhani inapigwa dawa ya mbu. Ami akakohoa, akauliza, "Huu udi kautia nani?"

Zimebaki kilomita mbili, tukafika kwenye mlima. Sasa inagonga waziwazi, ile oili ya malori imeshindwa kusitiri. Mtu mwingine angesimama. Mie nikaona bora niukimbie mlima kabla injini haijapata habari. Nikakanyaga. Mshale ukapita 6,000, na mara, KHA! Konrodi ilichoka kukaa ndani, ikatoboa bloku, ikatoka kutazama barabara. Injini kimya. Gari ikaanza kurudi nyuma, na breki injini ikizimika huwa ngumu kama jiwe. Tukarudi hivyo hivyo, polepole, kwa heshima zote, mpaka juu ya majamvi mawili ya karafuu yaliyoanikwa pembeni ya barabara. Tukasimama. Oili ikaendelea kutiririka.

"Karafuu zanguuu!" Bi mkubwa katoka na fagio la chelewa, keshalipiga buti la gari mara mbili kabla sijafungua mlango. Bwana harusi akashuka amtake radhi. Alipoliona joho, uso ukamlainika. "Wewe nenda kaoe, mwanangu. Huyu atabaki."

Ikapita gari ya ng'ombe imebeba makuti. Binamu akapandishwa juu ya makuti, joho kalikusanya mkononi, na ndivyo alivyofika ukweni. Tena alifika. Mie nikabaki napimiwa karafuu: pishi tano, pamoja na zile ambazo gurudumu halikuziona kabisa. Nililipa zote. Nilipozipeleka kituoni kuuza, mpimaji alinusa, akanusa tena, akamwita mwenzake naye anuse, kisha akaniuliza hizi nimechuma mtini au gereji.

Yule wa Dar nilimpigia jioni ile ile.

"Iliwaka, haikuwaka?" akaniuliza.

"Iliwaka, lakini..."

"Garantii yetu ni kuwaka, kaka."

Altezza sasa iko chini ya mwembe, kuku wanataga kiti cha nyuma. Injini ilikaa uani miezi mitatu, mpaka ami, mwenye mashua Wesha, alipokuja kuitazama. Bloku ya 3S ni chuma kitupu, ukiitia majini haiendi popote. Tuliibeba watu wanne. Ami akapenyeza kamba kwenye tundu la konrodi, akaipitisha, akakaza fundo la nanga, akalivuta kujaribu.

"Na hili tundu," akaniuliza, "walikutoza mbali?"